Mwenye Kisima Hana Kadi

Mwenye kikombe mkononi akinywe kwanza akimalize, maana habari hii haisikilizwi maji yakiwa mdomoni.

Ilianza na kadi iliyopinda. Ngassa, mfugaji wa Mwamapalala, alichomeka kadi yake kwenye mashine ya maji jua likiwa la utosi, akajaza madumu mawili, na alipoichomoa akaikuta imejikunja kama ganda la muhogo lililosahauliwa juani. Ikamuunguza vidole. Akacheka, akamwonyesha Felisita, mwanamke aliyesimamia kioski. "Mashine yako imekuwa kikaango?" Akapakia madumu kwenye baiskeli, akaenda zake.

Saa tisa walimkuta ameinamia birika la kunyweshea ng'ombe, kichwa ndani, tumbo limevimba kama kiriba, midomo imepasuka kama ardhi ya mbuga mwezi wa kumi. Alikuwa hai bado. Walipomwinua alisema neno moja tu, "Maji," na maji yakamtoka puani, akakata roho.

Siku ya tatu akafuata Klementina, mwimbaji wa kwaya, ambaye naye kadi yake ilitoka imepinda. Huyo alifia zahanati, dripu mkononi, huku akilamba ukuta ulioloa. Watu wakaacha kwenda kioski, wakarudia kufukua mchanga wa mto. Hapo Felisita akapiga simu ofisini Bariadi. Habari za vifo hakuzitaja. Nani anaieleza ofisi mambo kama hayo? Alisema tu kwamba kisoma kadi kinachemka.

Fundi aliyetumwa aliitwa Dastan. Ndiye aliyekifunga kifaa hicho miaka miwili nyuma, Simiyu ilipokuwa imetoka tu kuwa mkoa. Wakati ule kila kilichokuwa cha serikali au cha ushirika kilikuwa kimeshakwenda kwa watu binafsi: vinu vya pamba, mabasi, simu, na mwishowe maji. Kampuni ilikuja Mwamapalala, ikakifunika kisima cha zamani kwa zege, ikateremsha pampu ndani, ikajenga kioski juu yake na paneli ya sola juu ya paa. Ukutani ikafunga sanduku la chuma lenye kisoma kadi. Unachomeka kadi yako, kioo kidogo kinaandika jina lako, bomba linafunguka. Ukichomoa, linafunga. Dastan aliipenda kazi hiyo kwa sababu ilikuwa safi. Kifaa kikichemka, alikuwa akiwaambia wenzake, sababu ni tatu tu: umeme umezidi, hewa haipiti, au waya ni mbovu. Ya nne haipo.

Alifika kwa pikipiki saa nne asubuhi.

"Mwangaluka," alimsalimia Felisita.

"Mwangaluka, fundi." Felisita hakusogea karibu na sanduku. Alisimama mbali, mikono ameikunja tumboni kama mtu anayesikia baridi.

Dastan akalifungua sanduku kwa ufunguo wake. Harufu ikampiga usoni kabla hajaona kitu. Alizoea harufu ya waya ulioungua na plastiki, na hii haikuwa hiyo. Ilikuwa ya tope la chini ya kisima, tope la kambare waliokufa maji yalipokauka. Akageuza uso, akatema mate, akaingiza mkono. Kisoma kadi kilikuwa cha moto kama jiwe la jikoni.

Akaanza na umeme. Mita yake ilisoma volti kumi na mbili na ushee, kama inavyotakiwa. Hata hivyo alibadilisha kidhibiti cha chaji, akaweka kipya. Joto lilibaki. Akageukia hewa: akatoboa matundu pande mbili za sanduku, akafunga kipande cha bati juu yake kuzuia jua. Joto likapanda. Akalowesha kitambaa, akakiweka juu ya kifaa, na kitambaa kikafuka mvuke, kikakauka mbele ya macho yake. Ndipo aliposikia mlio ndani ya bomba, taratibu, kama koo la ng'ombe anapomeza. Gudu. Kimya. Gudu.

"Unasikia hiyo?" aliuliza.

"Tangu juzi," Felisita alinong'ona. "Mchana ukikaribia inaongezeka."

Ilibaki sababu ya tatu. Dastan akachomoa waya wa paneli, akachomoa na wa betri. Kioo cha kisoma kadi kilipaswa kuzimika, nacho hakikuzimika. Kiliwaka kijani vilevile. Akachukua koleo, akaukata waya wenyewe, kipande kikaning'inia hewani hakijashika popote upande wa pili, akakipima. Volti kumi na mbili. Akahisi mita imeharibika, akaipima kwenye betri ya pikipiki yake, ikasoma sawasawa. Akarudi, akakipima tena kile kipande. Kumi na tatu sasa.

Akakiachia kile kipande, akarudi nyuma hatua moja.

"Mama," sauti ya mtoto iliita kutoka nyuma ya kioski. "Mama, maji."

Felisita akafumba macho.

"Nani ametumia mashine leo?" Dastan aliuliza.

"Precious. Mtoto wangu. Nilikuwa nafukua mchanga mtoni, yeye akataka kunisaidia, akachukua kadi ya nyumba." Akaitoa kwenye kitenge, ikiwa imekunjika pande zote. Kadi ile ilikuwa na jina la mtoto. Baba yake, kabla ya kwenda migodini Geita, alisema iandikwe hivyo kwa kuwa jina la Precious lina baraka. "Nisaidie, fundi. Wawili wameshakufa hivi hivi, hawakumaliza hata nusu siku."

Dastan akazunguka nyuma. Mtoto wa miaka sita alikuwa ameketi kwenye kivuli, ndoo iko kati ya miguu yake. Alichota, akanywa, akachota, akanywa, bila kupumzika, kama mtu aliyepewa adhabu. Tumbo lilikuwa limekaza chini ya gauni, na midomo yake ilikuwa na damu.

"Shikamoo," alimwambia Dastan, akachota tena.

Wakati huo akatokea Nyanjige, mama mkwe wa Felisita, bikizee mrefu aliyevaa shanga nyeupe shingoni. Hakuwa na kadi. Katika kijiji chote ni yeye peke yake aliyekataa kuichukua, na kwa miaka miwili alikuwa akichota mtoni, kwa mkono, kiangazi na masika. Alimtazama mjukuu wake, kisha akamtazama Dastan.

"Nakukumbuka wewe," alisema. "Siku ile mnamwaga zege nilikuomba mwanya, upana wa kibuyu tu, niendelee kummwagia maji yake ya asubuhi. Kibuyu cha kwanza cha siku ni chake mwenye kisima, tangu mama yake mama yangu. Ukacheka. Ukasema maji hayatoki bila kadi."

Dastan alikumbuka. Alicheka kweli, na vibarua wakacheka naye.

"Ni masamva ya kwenu?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Masamva ni wazee wetu waliokufa, wale wanatujua. Huyu si wetu. Huyu ni jini, alikuwemo kabla yetu, na tuliishi naye kwa kumnywesha. Ninyi mmemfungia kiu miaka miwili. Tena mkaandika majina yenu kwenye vile vikadi, mkawa mnampelekea mdomoni wenyewe, kila mtu na jina lake." Akaisogelea mashine, akaitemea mate, yakachacharika kama mafuta. "Mimi hanijui. Jina langu halijaingia humo. Ndiyo maana naweza kumtoa. Livunje hilo zege."

Dastan alimpigia Athanasi, meneja wake Bariadi. Hakumweleza habari za jini. Alisema zege lina hitilafu, lazima livunjwe.

"Zege gani?" Athanasi alifoka. "Alhamisi naleta wageni hapo wanaotaka kutupa vijiji vingine arobaini. Nikikuta ufa mmoja, kazi huna. Tengeneza mashine, Dastan. Wewe si fundi?"

Simu ikakatwa. Nyanjige alikuwa amesikia.

"Basi nitalivunja kwa mkono wangu," alisema. "Nakwenda ng'ambo ya korongo kuchukua kondoo mweusi na dawa. Kivuli cha kioski kikifika kwenye ule mti wa miiba nitakuwa nimerudi. Mtoto atavumilia mpaka hapo, ni damu yangu." Akawanyooshea kidole wote wawili. "Lakini msiiguse hiyo mashine. Na ikiwauliza kitu, msiijibu. Hata iulize vipi, msiipe jina."

Akashika njia, anatembea upesi kama msichana.

Waliketi. Jua likasimama utosini, kile kipindi ambacho hata kuku hunyamaza, na kwenye mbuga nzima hakukuwa na kitu kinachosogea isipokuwa vumbi jembamba lililokuwa likizunguka peke yake bila upepo. Mlio kwenye bomba ukaongeza mwendo, gudu, gudu, gudu, na Dastan akagundua kwamba mlio ule ulikuwa ukienda sambamba na koo la mtoto, kwamba kila Precious alipomeza, bomba nalo lilimeza, na kwamba maji yaliyoingia kwa mtoto hayakuwa yakikaa kwa mtoto.

"Mama, hayashuki," Precious alisema. "Nakunywa lakini hayashuki."

Kisha kioo cha kisoma kadi kikalia, mlio uleule wa siku zote, tii, mlio wa kadi kukubaliwa. Dastan hakutaka kuinuka, miguu ikamwinua. Kwenye kioo kulikuwa na maandishi, kwa herufi zilezile alizoziweka yeye mwenyewe siku ya kwanza.

KADI INAYOTUMIKA: PRECIOUS. BADILISHA?

Felisita alikuwa nyuma yake. Alisoma kwa midomo, polepole. "Inamaanisha nini, badilisha?"

"Usiangalie."

"Inamaanisha anaweza kutolewa? Akawekwa mwingine?"

"Bibi amesema tusijibu."

"Bibi hayupo!" Alisema kwa kunong'ona, lakini ni kama amepiga kelele. Akageuka kumtazama mtoto wake. Precious alikuwa ameiacha ndoo, amelala kifudifudi, analamba zege mahali maji yalipomwagikia, na ulimi wake ulikuwa umegeuka rangi, mweusi na mkavu kama wa mbuzi aliyechinjwa jana. "Fundi. Una zile kadi tupu. Niliziona kwenye begi lako. Na kompyuta ya kuandikia."

Alikuwa nazo. Dastan alifungua begi, zipu ikamshinda mara mbili, akaiweka kompyuta juu ya tangi la pikipiki, akachomeka kadi tupu, na kile kisanduku cha kuandikia jina kikafunguka, cheupe, kinasubiri.

"Andika langu," Felisita alisema.

Dastan aliandika F. Felisita akamshika mkono.

"Baba yake ana mwaka mzima hajaleta hata salamu. Nikifa mimi, nani atamlea?" Alikuwa analia bila machozi. "Na lako?"

Dastan akaivuta kompyuta karibu. Ukweli ni kwamba alilifikiria. Aliifuta ile F, akaandika D, akaandika A, akaliona jina lake likianza kujengeka pale kwenye weupe, na harufu ya kambare ikamjaa kooni kana kwamba kitu kilichoko kule chini kimeinua uso kumtazama. Akazifuta zote mbili.

Wakabaki wanatazamana, na kila mmoja alijua mwenzake anawaza nini. Ni Felisita aliyelisema.

"Yeye ameshaishi," alisema. "Miaka sabini na zaidi. Amemwona mjukuu. Hata yeye ukimuuliza atakubali."

"Tungemuuliza kwanza."

"Muda uko wapi?"

Dastan akaandika. Herufi nane tu. Alipomaliza hakuhisi uchungu alioutarajia. Alihisi ubaridi mtamu ukimshuka kifuani, ubaridi wa mtu ambaye si zamu yake, na hicho ndicho kilichokuja kumtisha baadaye kuliko yote. Akaichukua kadi, akakiendea kile kifaa, akaichomeka.

Tii.

KADI INAYOTUMIKA: NYANJIGE. KARIBU.

Mlio kwenye bomba ukakoma. Nyuma yao Precious akavuta pumzi ndefu, akageuka chali, akatapika maji mengi, kisha akaanza kulia kilio cha kawaida cha mtoto. Felisita akamkimbilia, akamkumbatia, akambusu ile midomo yenye damu.

Dastan yeye alikuwa anatazama mbugani. Kivuli cha kioski kilikuwa hakijafika hata nusu ya njia ya kwenda kwenye ule mti wa miiba, na kule kwenye njia, si mbali, umbali wa kumtambua mtu kwa mwendo wake, Nyanjige alikuwa anarudi. Alikuwa amewahi. Alikuwa na kondoo mweusi kwa kamba, kibuyu begani, mtaimbo mkononi wa kuvunjia zege, anatembea upesi. Kisha akasimama. Akageuza kichwa huku na huku kama mtu aliyeitwa. Kamba ikamtoka mkononi.

Alifika kioski kwa magoti. Hakuna aliyekwenda kumpokea. Dastan alitaka, na Felisita nadhani alitaka pia, lakini walisimama palepale kama miti wakati yule bikizee akijivuta kwenye vumbi, shanga zikikatika moja moja, kibuyu cha dawa kikipasuka chini yake, mpaka akafika kwenye bomba, na bomba likamfungukia lenyewe kwa furaha, maji mengi ambayo hakuwa ameyaonja kwa miaka miwili, akafungua kinywa na kunywa, akanywa, akanywa, macho yametoka, kila mmezo ukirudishwa na bomba kwa mlio wake, gudu kwa gudu.

Katikati ya kunywa alipata nafasi ya kusema. Alimtazama mke wa mwanawe.

"Mkamwana," alisema, "wewe ndiye umeniita?"

Felisita alimfunika mtoto uso.

"Bibi ana kiu," Precious alisema chini ya mkono wa mama yake. "Mama, mpe kikombe."

Ilichukua saa moja na nusu. Nguvu alikuwa nazo, ndiyo maana ikachelewa.

Walimzika Jumatano. Kijiji kilisema amekufa kwa ugonjwa uleule wa Ngassa, na Felisita alilia msibani mpaka wanawake wakamshika, wakisema hawajapata kuona mkwe aliyependwa hivyo. Yule kondoo mweusi alichinjwa, akaliwa na waombolezaji.

Alhamisi wageni walifika. Dastan aliwaonyesha matundu aliyotoboa na kipande cha bati, akaeleza habari za hewa na joto, na sauti yake haikutetemeka. Mgeni mmoja aliweka kiganja juu ya kisoma kadi akastaajabu. Katikati ya jua lile kilikuwa cha baridi kama mtungi. Dastan alijua ni lile jina ambalo halikuwahi kuingia humo lililokipoza. Athanasi alimpiga Dastan begani mbele ya watu, na mwezi uliofuata akampa usimamizi wa mashine zote za mkoa. Kazi ikapatikana, mshahara ukapanda. Dastan alilala vizuri usiku. Yeye mwenyewe alishangaa jinsi alivyolala vizuri.

Ilipita miezi mitano. Adhuhuri moja alikuwa njiani kutoka Mkula, simu ikaita. Alisimamisha pikipiki kando ya shamba la pamba. Alikuwa Marcelo, msimamizi wa kioski cha Shishiyu, na alikuwa akiongea kama mtu aliyejificha chumbani.

"Bosi, mashine inachemka. Nimechomoa nyaya zote na bado inawaka. Sijui umeme inautoa wapi."

"Kadi ya mwisho ilikuwa ya nani?"

"Ya mke wangu. Gloria."

"Anaomba maji?"

"Umejuaje, bosi?"

Dastan alikuwa ameshafungua begi kwa mkono mmoja, na safari hii zipu haikumsumbua. Aliiweka kompyuta juu ya tangi, akachomeka kadi tupu, akasubiri kile kisanduku cheupe kifunguke. Mbele yake pamba ilikuwa imepasuka shamba zima, nyeupe, hakuna hata unyasi uliotikisika.

"Nisikilize, Marcelo, na usimwambie mtu," alisema kwa upole kabisa. "Hapo kijijini kwenu, kuna mzee yeyote ambaye hajachukua kadi?"

Dastan aliweza kumsikia Marcelo akipumua, na nyuma yake mwanamke akigonga kikombe tupu kwenye ndoo. Marcelo hakuuliza kwa nini. Hilo ndilo ambalo Dastan aliliona baya, kwa sekunde moja tu, kisha likapita.

"Yupo mmoja," Marcelo alisema. "Mzee Mashimba. Anaishi peke yake."

"Mashimba," Dastan alirudia, akaanza kuandika.